Samaki mhamaji hahesabiwi bwawani

Mwezi Desemba 2024, ndani ya siku chache tu, wavuvi wa Kamboja walinasa kambare wakubwa sita wa mto Mekong, mmoja wao akiwa na uzito wa kilo 131. Watafiti na maofisa wa uvuvi waliwapima, wakawatia alama na kuwaachia waendelee na safari yao. Picha zilizunguka dunia, zikafika hadi kwenye simu zetu huku Nyanda za Juu Kusini, na kila zilipofika zilipokelewa kwa furaha ile ile: kumbe samaki waliodhaniwa wamekwisha bado wapo. Furaha hiyo haina ubaya. Ubaya umo katika hesabu inayoifuata, ambayo nimeisikia ikirudiwa katika mijadala yetu wenyewe kuhusu mto Ruaha Mkuu, bonde la Usangu na Ziwa Nyasa, kwamba samaki akionekana basi mto ni mzima, na asipoonekana basi dawa ni kuzalisha vifaranga na kuwamwaga majini. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo haimfai samaki mhamaji hata kidogo. Samaki wa namna hii hupungua pale safari yake inapokatwa mahali fulani au majira yake yanapovurugwa, na idadi ya wakubwa wanaoonekana leo, iwe kubwa au ndogo, haitoi habari yoyote ya kuaminika kuhusu watoto wa kesho.

Tumtazame kwanza samaki mwenyewe. Kambare mkubwa wa Mekong, anayeitwa na wanabiolojia Pangasianodon gigas, ni miongoni mwa samaki wakubwa kuliko wote wanaoishi maji baridi maisha yao yote; aliyevuliwa kaskazini mwa Thailand mwaka 2005 alikuwa na urefu wa mita 2.7 na uzito wa kilo 293, uzito unaowazidi watu wazima wanne wakipanda mzani pamoja. Akiwa mchanga ana meno, huwinda, na hata huwala wenzake. Anapokua meno hayo hupotea, sharubu zinazomtambulisha kambare yeyote hubaki kama vinundu, na chakula chake kikuu huwa mwani unaoota juu ya mawe ya mto. Hukua kwa kasi ya ajabu, kwani ndani ya miaka sita anaweza kufikia kilo 150 na zaidi. Kwa mfugaji, sifa hizi ni za kutamanika: samaki mkubwa, anayekua haraka na asiyehitaji kulishwa nyama. Ndiyo maana Thailand ilianza kumzalisha kwa njia ya sindano za homoni tangu miaka ya 1980, jambo ambalo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililojenga dhana kwamba samaki huyu ameshaokolewa.

Ufugaji huo hauwezi kumpa samaki ule mwendo wa maji uliopangiliwa na mvua. Katika Kamboja kuna ziwa la Tonle Sap, ambalo wakati wa kiangazi lina eneo la takriban kilomita za mraba 2,500 na wakati wa mvua hupanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kwa sababu Mekong ikijaa huusukuma mto unaotoka ziwani urudi nyuma, maji yakaingia ziwani badala ya kutoka. Misitu ya kandokando hufunikwa na maji, chakula huwa tele, na samaki hunenepa. Maji yanapoanza kushuka, kati ya Oktoba na Desemba, kambare wakubwa hutoka ziwani, huingia Mekong na kuanza kupanda. Inaaminika kwamba huzaa kuelekea mwanzo wa mvua katika sehemu za juu za mto, na eneo linalotajwa zaidi ni mpaka wa Thailand na Laos karibu na Chiang Khong, zaidi ya kilomita elfu moja kwa njia ya mto kutoka walikotoka. Vichanga wakiisha kuanguliwa hawarudi kwa nguvu zao. Hubebwa na mafuriko, wakaelea pamoja nayo hadi yanapotapakaa kwenye mbuga za chini, na huko ndiko hukulia. Kwa hiyo samaki mmoja anahitaji ziwa la kunenepea, mto mrefu ulio wazi wa kupanda, mahali pa kuzalia, na mafuriko yanayofika kwa wakati ili kuwashusha watoto. Kimoja kikikosekana, vitatu vilivyobaki havina kazi.

Jamaa yake wa Amerika ya Kusini anaionesha sheria hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Dorado wa Amazon, Brachyplatystoma rousseauxii, anayekaribia urefu wa mita mbili, ndiye mwenye safari ndefu kuliko samaki yeyote wa maji baridi anayejulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mzunguko mzima wa maisha yake, kutoka chini ya milima ya Andes hadi kwenye mlango wa Amazon katika Atlantiki na kurudi, unaweza kufikia kilomita 11,600. Watu wamejuaje? Ndani ya kichwa cha samaki mna kijiwe kidogo cha sikio, kinachokua tabaka kwa tabaka kama pete za mti, na kila tabaka hubeba alama ya kikemikali ya maji aliyokuwamo samaki siku zile. Mto unaotoka kwenye miamba ya zamani una alama yake ya madini ya strontiamu, na mto unaotoka Andes una yake. Mtafiti akikikata kijiwe hicho na kukisoma kutoka katikati kwenda pembeni, anaona samaki alizaliwa wapi, alikulia wapi na alirudi wapi, na kwa sehemu kubwa ya dorado waliochunguzwa katika mto Madeira ilionekana kwamba walirudi kwenye bonde lile lile walimozaliwa. Baada ya mabwawa ya Santo Antônio na Jirau kujengwa kwenye Madeira upande wa Brazil mwanzoni mwa muongo uliopita, wavuvi wa upande wa juu, nchini Bolivia, walishuhudia dorado wakipungua vibaya. Hakuna aliyekwenda kuwavua kupita kiasi huko Bolivia. Njia ndiyo iliyofungwa mbali, katika nchi nyingine. Pengine ndiyo sababu mwezi Februari 2024, katika mkutano wa Samarkand wa nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi viumbe wanaohama, ambao Tanzania nayo ni mwanachama, dorado na ndugu yake piramutaba waliingizwa kwenye orodha ya viumbe wanaohitaji nchi kushirikiana.

Tukirudi kwa wale sita wa Kamboja, tunaweza sasa kuona kwa nini kuwahesabu hakutoshi. Kwanza, Desemba ni miongoni mwa miezi ya kutoka Tonle Sap, na mto unaotoka ziwani ni mwembamba. Kila samaki anayehama lazima apite hapo, hivyo wachache waliobaki katika bonde zima wanaweza kuonekana pamoja kwa wiki moja na kumpa mtazamaji picha ya wingi. Pili, huyu ni samaki anayeishi miaka mingi. Samaki wa kilo 131 aliyenaswa mwaka 2024 ni ushahidi kwamba miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mafuriko yaliyofaa, mahali palipofaa, na mto uliokuwa wazi. Hawezi kuwa ushahidi kwamba mwaka huu viko. Kule Chiang Khong, ambako wavuvi walikuwa na msimu wao maalumu wa kumvua, walipatikana 69 mwaka 1990, na kati ya 2001 na 2003 hakupatikana hata mmoja. Mwaka 2019 bwawa la Xayaburi lilianza kuzalisha umeme katika mkondo mkuu wa Mekong huko Laos, kati ya Chiang Khong na Kamboja. Nakiri upande wa pili una hoja ya haki hapa: kule Kamboja mvuvi aliyemnasa samaki huyu zamani angemuuza, leo anapiga simu kwa watafiti, na mabadiliko hayo ya tabia yana thamani kubwa. Lakini ni thamani ya kutowamaliza wazee. Kuwapata watoto ni jambo jingine kabisa.

Msomaji wa Mbarali au Kyela atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mito yetu ina wahamaji wake, ingawa wetu hawana kilo 300. Tena tunaposema kambare huku kwetu, tunamsema yule Clarias gariepinus wa matope, naye ni mhamaji wa masafa mafupi. Mvua za kwanza kubwa zinapofurisha nyasi, kambare wakubwa huacha mkondo wakati wa usiku, wakaingia kwenye maji mapya yasiyozidi goti, huzaa kwa kundi, mayai hunata kwenye majani, na kabla ya mapambazuko wengi huwa wamesharudi. Hawatunzi mayai wala watoto. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na vichanga hubaki kwenye maji ya nyasi wakila wadudu wadogo hadi maji yanapoanza kurudi. Wasiporudi nayo hukauka pamoja na mbuga. Mkulima yeyote wa mpunga aliyewahi kukuta vikambare jarubani baada ya mvua ameuona mzunguko huu kwa macho yake, kwani kwa samaki jaruba ni mbuga iliyofurika tu. Ningu hufanya safari ndefu zaidi, hupanda mito wakati wa mafuriko. Na mbasa wa Ziwa Nyasa, anayethaminiwa sana Kyela, hutoka ziwani akapanda mito yenye changarawe safi kwenda kuzaa, kisha watoto hushuka na maji hadi ziwani.

Katika hao, kambare ndiye anayetudanganya zaidi, na nadhani sehemu kubwa ya matumaini yetu yasiyo na msingi inatoka kwake. Ana kiungo maalumu juu ya mashavu kinachomwezesha kupumua hewa ya kawaida, hivyo Ruaha Mkuu unapokatika wakati wa kiangazi, kama unavyofanya ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 1993, yeye hubaki hai kwenye madimbwi ambamo samaki wengine wameshakufa kwa kukosa oksijeni. Dimbwi linapozidi kupungua, kambare hurundikana, na mtu anayepita Oktoba anaona samaki wamejaa kuliko alivyowahi kuona mwezi Machi. Soko nalo hujaa kambare wa moshi. Mto uko katika hali mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo samaki wake wanapoonekana wengi. Ukichukua idadi ya kambare kama kipimo cha afya ya mto, utakuwa umemchagua shahidi ambaye angetoa ushahidi ule ule hata kama mto ungekuwa unakufa.

Hapo ndipo inapoingia hoja ya vifaranga, nayo inastahili kusikilizwa kwa makini kwa kuwa watetezi wake wengi ni watu wa vitendo. Wanasema ufugaji unalisha watu, unatoa ajira kwa vijana, unapunguza shinikizo kwenye mito, na teknolojia yake ipo tayari. Yote ni kweli. Niliwahi kutazama kazi hiyo kwenye banda moja la kutotoleshea vifaranga nje kidogo ya jiji la Mbeya. Jike alikuwa amechomwa homoni jioni iliyotangulia. Asubuhi fundi alimfunika kichwa kwa taulo lenye maji, akampapasa tumbo kwa kidole gumba kuelekea mkiani, na mayai ya rangi ya kijani kibichi kilichochanganyika na kahawia yakamiminika kwenye bakuli kavu. Dume hakamuliwi, alichinjwa, korodani zikatolewa, zikakatwakatwa na kukamuliwa kupitia kitambaa, kisha vyote vikachanganywa kwa unyoya wa kuku. Maji yaliongezwa mwisho, kwa kuwa yai likigusa maji huanza kunata. Baridi ya Mbeya inaifanya kazi hiyo kuwa ngumu, na maji lazima yapashwe moto. Nilichojifunza pale ni kwamba kila hatua ya fundi ilikuwa inaziba nafasi ya kitu ambacho mto hufanya wenyewe. Homoni ilisimama badala ya mafuriko, bakuli badala ya nyasi zilizofunikwa, na hita badala ya jua la mbuga. Kambare anayezaliwa hapo ni chakula kizuri. Lakini fundi huyo akifunga banda lake, hakuna kizazi kinachofuata.

Mfano wa Thailand unaonesha mahali ambapo hoja hii hufika mwisho wake. Kambare mkubwa wa Mekong amezalishwa huko kwa miongo minne, amepandikizwa kwenye mabwawa ya umeme na ya umwagiliaji, na watalii hulipa kwenda kumvua kwenye mabwawa ya binafsi. Ukihesabu miili, samaki huyu si adimu hata kidogo. Bado wanasayansi wanamweka kwenye daraja la juu kabisa la viumbe walio hatarini kutoweka porini, kwa sababu hao wa mabwawani wametokana na wazazi wachache, baadhi wamechanganywa na pangasi, jamaa yake mdogo anayefugwa, na hawana mto wa kupanda. Kambare wetu wa Afrika naye ana sehemu katika simulizi hili, maana alipelekwa Thailand, akazalishwa pamoja na kambare wa huko, machotara wakatapakaa sokoni na kutoroka hadi mitoni, na damu yao ikaingia kwa kambare wa asili. Anayetaka kumwaga vifaranga kwenye mito ya Usangu ajibu kwanza wazazi wao wametoka bonde gani.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande huo, na sijui kwa nini watetezi wake hawaitumii mara nyingi, iko hapa hapa kwetu. Vyura wa Kihansi, walioishi kwenye rasharasha za maporomoko kwenye miteremko ya Udzungwa na kugunduliwa mwaka 1996, walikosa makazi baada ya maji ya maporomoko kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kufugwa, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wazao wao wakaanza kurudishwa Kihansi. Uzalishaji wa kufugwa uliwaokoa, na asiyelikubali hilo anabishana na ukweli. Ila tuangalie kilichohitajika ili warudi: mabomba yalifungwa bondeni kunyunyiza maji yanayofanana na ile rasharasha ya awali, kwa kuwa chura huyo asingeweza kuishi bila hiyo. Makazi yake yote yalitosha eneo dogo linaloweza kufungiwa mabomba. Makazi ya mbasa ni ziwa na mto, na ya kambare wa Mekong ni zaidi ya nchi moja. Hakuna anayeweza kufunga mabomba ya kuigiza mafuriko ya Usangu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo husemwa kwa kujiamini sana, ni ile ya kwamba samaki atazoea bwawa, na asipozoea atajengewa ngazi. Kuhusu kuzoea: bwawa huwapokea vizuri samaki wanaozaa kwenye maji yaliyotulia, kama perege, na bwawa la Mtera lilipojazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilileta uvuvi ambao haukuwapo. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni faida ya samaki wengine. Kuhusu ngazi: zilibuniwa kwa ajili ya samoni, samaki mwenye misuli ya kurukia maporomoko, na mara nyingi wanaozungumzia ngazi humfikiria mzazi anayepanda tu. Watoto je? Vichanga wa samaki wanaohama hutegemea mkondo uwashike majini na kuwashusha. Mkondo ukiingia kwenye bwawa refu lililotulia, nguvu hiyo hufa. Vichanga huzama, huliwa, au hukaa mahali pasipo chakula chao, na wachache wanaofika ukutani hupitia kwenye mitambo. Hivyo hata ngazi ikimpandisha kila jike bila kumkosa mmoja, inaweza kuwa inawapeleka kuzaa watoto wasio na njia ya kushuka. Ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, ulioanza kuzuia maji Desemba 2022, una kimo cha mita 131. Taifa lilihitaji megawati 2,115 zake na sioni sababu ya kubishana leo na uamuzi huo. Nasema tu kwamba Rufiji yenyewe haikuwa na ukuta kabla ya hapo, na kwamba tusijifariji kwa maneno ambayo hayawezi kusimama mbele ya baiolojia ya kichanga.

Wapo pia wanaosema kwamba mabwawa na mifereji vinasingiziwa, na kwamba tatizo halisi ni uvuvi. Hawa hawajakosea sana. Ningu wa Ziwa Victoria alianguka katikati ya karne iliyopita baada ya nyavu kutegwa kwenye midomo ya mito wakati wazazi wakipanda kuzaa, tena bila bwawa lolote kuhusika. Ila tukiutazama vizuri mfano huo, unaunga mkono hoja yangu. Uvuvi wenyewe haukummaliza ningu kwa wingi wa nyavu ziwani. Ulimmaliza kwa nyavu zilizokuwa mahali pale na wiki zile. Mgono uliotegwa kwenye mfereji mwembamba mafuriko ya kwanza yanapoingia mbugani huua kizazi, wakati mgono huo huo ukitegwa mwezi Agosti huvua samaki wa mboga. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani, ilionesha kwamba jambo hilo linawezekana kisiasa, ambalo wengi tulikuwa hatuliamini. Kwa mito ya kwetu, miezi hiyo ingekuwa miezi ya bure. Wiki zinazohitaji ulinzi ni chache, huanza na mafuriko ya kwanza kati ya Novemba na Januari kulingana na mwaka, na maeneo yake yanafahamika na kila mvuvi: midomo ya mito, mifereji ya kuingilia mbugani, na vipenyo vya kurudia.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniondolea utulivu zaidi, yaani namna tunavyozungumzia kuufufua Ruaha Mkuu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi mjini London kwamba ifikapo 2010 mto huo utatiririka mwaka mzima. Haikutokea, na tangu hapo ahadi, operesheni na miradi yote imepimwa kwa kigezo hicho kimoja: je, maji yanapita kiangazi? Kigezo hicho kina maana kwa viboko, kwa utalii na kwa mitambo ya Mtera na Kidatu. Kwa samaki ni nusu ya habari. Maji ya kiangazi huwaweka hai wakubwa. Maji ya kifuku ndiyo yanayowapa watoto. Mto unaweza kutiririka miezi yote kumi na miwili, kwa kiwango kile kile kilichosawazishwa, na usizae samaki mhamaji hata mmoja kwa sababu haujapanda ghafla mwezi Desemba, haujafunika nyasi, na haujarudi polepole mwezi Mei. Suluhisho linalopendwa na wahandisi, la kuhifadhi maji ya mvua kwenye bwawa la juu na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, ndilo hasa linaloweza kutuletea mto wa namna hiyo. Bwawa la Lugoda kwenye mto Ndembera limezungumzwa kwa miaka mingi kwa lengo hilo, na siupingi mradi wenyewe. Ninachouliza ni kama ratiba yake ya kufungulia maji itakuwa na mafuriko ndani yake, au itakuwa na maji ya kiangazi peke yake.

Sheria ya kulidai hilo tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba, baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu, kuna akiba ya maji ya kutunza mazingira inayotangulia matumizi mengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo inayotoa vibali. Akiba ya mazingira inaweza kuandikwa kama kiwango cha chini cha lita kwa sekunde, na ikiandikwa hivyo samaki atakuwa ameshindwa mezani kabla ya kufika mtoni. Inaweza pia kuandikwa kwa majira, ikataja ni lini mafuriko ya kwanza yaachwe yapite kwenye mabanio bila kuelekezwa kwenye majaruba, kwa siku ngapi, na maji yarudi kwa kasi gani. Skimu za Usangu hazingeathirika sana kwa siku chache za mwanzo wa mvua, wakati maji ni mengi kuliko mahitaji. Gharama kubwa zaidi ni ya kuweka chekecheo kwenye mabanio ili vichanga wasivutwe mashambani, na ya kuacha mtaro wa kurudia mtoni pale mpunga unapokaushwa.

Na kipimo nacho kibadilike. Badala ya kuwahesabu kambare wa Oktoba madimbwini au wa moshi sokoni, ni bora kwenda Ng'iriama, mahali ambapo maji yote ya kinamasi cha Ihefu hupita kwenye mwamba kabla ya kuendelea chini kama Ruaha Mkuu, na kutega wavu laini wa kukinga vichanga wanaoshushwa na maji usiku, mwezi Februari na Machi, miaka mfululizo. Nyavu hizo hizo zinaweza kutegwa kwenye Kiwira na Lufilyo kwa ajili ya mbasa. Idadi itakayopatikana itakuwa ya viumbe wadogo wasiopendeza kupigwa picha, na huenda miaka mingine ikawa sifuri wakati soko limejaa samaki. Hiyo ndiyo idadi inayofaa kuwekwa mezani Iringa kila kibali kipya cha maji kinapojadiliwa.